Video ya Shabiki Ndiyo Kumbukumbu ya Jukwaa

Mwimbaji anayepanda jukwaani siku hizi hupokewa na simu kabla ya makofi. Iwe Ngome Kongwe, Unguja, katika tamasha la Sauti za Busara, iwe Viwanja vya Leaders, Dar es Salaam, au Uhuru Gardens, Nairobi, mikono huinuka mara tu gitaa linapolia. Vyombo havijapakiwa garini, tayari vipande vya onyesho vimeshafika Muscat, Bujumbura, London na Minneapolis. Vimewekwa kwenye stetasi, vimetumwa kwenye magrupu ya WhatsApp, vimeingia TikTok na YouTube. Aliyekosa nauli, aliyekosa kiingilio, aliyekuwa zamu kazini na anayeishi ughaibuni, wote wamepata chao.

Wapo wanaokereka. Utawasikia wakisema watu hawachezi tena, hawaitikii kiitikio, kila mmoja amegeuka mpigapicha. Wapo pia wasanii wanaoona jasho lao likigawiwa bure na watu wasiowajua. Kero hizo zina msingi, nami nitazipa nafasi yake. Hata hivyo ninaandika kutetea jambo moja: shabiki mwenye simu ndiye mtunza kumbukumbu ambaye muziki wetu wa jukwaani umemkosa kwa miaka mingi. Hatuna sababu ya kumfukuza. Tuna sababu ya kumfundisha kazi.

Yaliyobaki studio, yaliyopotea ukumbini

Muziki wa dansi wa Tanzania ulihifadhiwa kwa sehemu kubwa na studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilikwenda pale Barabara ya Pugu, zikapiga nyimbo zao mbele ya maikrofoni, fundi akazinasa kwenye kanda, na nchi nzima ikazisikia redioni. Bila kazi ile leo tusingekuwa na nyimbo nyingi za Msondo, za Sikinde wala za Marijani Rajab. Tuwashukuru mafundi wale.

Lakini aliyewahi kuingia ukumbini anajua kwamba wimbo wa redioni ni sehemu tu ya wimbo. Redio ilikuwa na muda wake. Wimbo ulipaswa kuanza, kusema neno lake na kwisha. Ukumbini hakuna aliyekuwa na haraka. Beti zikiisha, gitaa la solo lilichukua nafasi, rizimu na besi zikalifuata, tumba zikapamba moto, na waimbaji wakaanza kuwataja waliohudhuria kwa majina, kwa mitaa na kwa kazi zao. Watu wakikolea, bendi ilirefusha, wakichoka, ilifupisha. Wimbo uleule wa DDC Mlimani Park, ndiyo Sikinde, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978, ungeusikia Jumamosi ukarudi Jumapili ukaukuta umebadilika. Mashabiki wa Sikinde na wa Msondo hawakuwa wakibishania kanda za redio. Walibishania usiku fulani, ukumbi fulani, na nani alimfunika nani.

Usiku ule umebaki wapi? Umebaki vichwani mwa wazee. Mbaraka Mwinshehe alikwenda na Morogoro Jazz hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Ukitaka kumsikia, santuri zipo. Ukitaka kujua alisimamaje, alimtazama nani alipokuwa akicharaza solo, aliwaitaje watu wa Morogoro warudi uwanjani kucheza, huna budi kumtafuta mtu aliyekuwepo, na watu hao wanapungua kila mwaka. Marijani Rajab, Jabali la Muziki, alifariki mwaka 1995, na kwake hali ni hiyohiyo: sauti tunayo, mtu mwenyewe jukwaani hatunaye.

Sasa mtazame Bi Kidude. Fatuma binti Baraka aliimba kwa miongo mingi akifahamika zaidi kwao, na sifa za dunia zikamfikia akiwa tayari bibi mtu mzima. Tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, YouTube ikaanza mwaka 2005, na simu zenye kamera zikaenea katika miaka hiyohiyo. Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Kwa hiyo miaka yake ya mwisho ilionekana na kunaswa na watu wengi: watengeneza filamu, watangazaji, wageni wa tamasha na watu wa kawaida waliokuwa wamesimama mbele ya jukwaa. Binti wa Tanga au wa Lamu anayejifunza kuimba leo anaweza kumwona akipiga ngoma ya unyago, akaona jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kupaza sauti na jinsi alivyowatawala wapiga vyombo wake kwa kichwa tu. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928, hakuacha nafasi kama hiyo kwa waliomfuata. Sauti yake tunayo. Namna alivyoketi na kuimba mbele ya watu tunaisoma vitabuni.

Taarab inaumia zaidi kwa upotevu huu, kwa sababu hadhira ya taarab ni sehemu ya onyesho. Mwanamke huinuka kitini, akasogea mbele kwa madaha, noti mkononi, akaenda kumtunza mwimbaji kwa ubeti uliomgusa. Ukumbi mzima hutazama ameinuka ubeti gani, amepita karibu na meza ya nani, na uso wake ameuelekeza wapi. Pengine ni furaha yake tu. Pengine amemjibu jirani yake bila kufungua kinywa. Miaka ya 1990, wakati Khadija Kopa akiwa na kundi la TOT na Nasma Khamis akiwa na Muungano, ushindani wa mipasho Dar es Salaam ulikuwa ni wa jukwaa na wa ukumbi kwa pamoja: mwimbaji alirusha, mashabiki wakapokea na kuongeza. Kaseti ya studio haikuweza kubeba hayo. Kamera ya shabiki aliyekaa safu ya tatu inaweza.

Kanda za harusi za Mombasa

Anayedhani mashabiki wameanza kurekodi walipopata simu za kugusa hajazungumza na watu wa Mombasa. Pale mwambao wa Kenya, taarab ya miaka ya 1970, 1980 na 1990 iliishi harusini. Mwimbaji alialikwa, akapanga vyombo vyake, akaimba hadi usiku wa manane mbele ya waalikwa, na kaseti ilikuwa ikizunguka kando yake. Kanda zile zikanakiliwa madukani na kuuzwa mjini, zikaenda Malindi, Lamu, Unguja na Pemba, zikavuka bahari hadi Omani na nchi za Ghuba mikononi mwa wasafiri.

Ndivyo wengi walivyomjua Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Ndivyo walivyowajua Maulidi Juma na Zuhura Swaleh. Ndani ya kanda hizo kuna mambo ambayo studio ingeyafuta: vigelegele, watoto, mtu anayeomba wimbo urudiwe, maikrofoni inayolia, mwimbaji akimtaja bwana harusi na ukoo wake. Wapenzi wa Bhalo hawakuyaona kuwa kasoro. Yaliwaambia kwamba wimbo huu uliimbwa mahali fulani, kwa ajili ya watu fulani.

Kanda zile zinatufunza mambo mawili. Kwanza, rekodi ya onyesho haikumnyima mwimbaji kazi. Sifa zake zilisambaa na mialiko ya harusi ikaongezeka. Pili, rekodi isiyo na maelezo hufa taratibu. Kanda nyingi ziliandikwa jina la mwimbaji peke yake juu ya karatasi. Harusi ya nani? Mwaka gani? Nani alipiga fidla, nani tabla, nani alitunga shairi? Leo, kanda zilipohamishiwa kwenye kompyuta na kupandishwa YouTube, hata kale kakaratasi hakapo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa imepotea kweli: sauti tunayo, habari zake hatuna.

Waliopewa nafasi yao ukumbini

Katika nchi nyingine, lililokuwa kero kwa waandaaji liligeuzwa utaratibu. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa bendi ya Marekani iitwayo Grateful Dead, iliyoanza California mwaka 1965. Kama bendi zetu za dansi, hawa nao hawakuwa wakiupiga wimbo mara mbili kwa namna ileile. Mashabiki waligundua hilo mapema, wakaanza kuingia na maikrofoni na mashine za kanda. Wakawa wengi kiasi kwamba vyuma vya maikrofoni vilizuia watu kuona na kumsumbua fundi mitambo.

Bendi ingeweza kuwafukuza. Badala yake, Oktoba 1984, ilianza kuwauzia tiketi za sehemu yao maalumu, nyuma ya meza ya fundi mitambo. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: rekodi, nakili, badilishana na wenzako, lakini usiuze. Aliyetaka kanda alimtumia mwenzake kanda tupu na gharama ya posta. Kila kanda iliandikwa tarehe, mji, ukumbi na orodha ya nyimbo kwa mpangilio ulivyopigwa. Kwa utaratibu huo bendi ilijipatia maelfu ya wafuasi waliosafiri mji hadi mji kununua tiketi, kwa kuwa aliyesikia kanda ya jana alitaka kuwepo kesho.

Bendi ilivunjika mwaka 1995 baada ya kifo cha kiongozi wake, Jerry Garcia. Kumbukumbu haikuvunjika. Tangu mwaka 2002 maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive imekuwa ikihifadhi rekodi za maonyesho za bendi zinazoridhia, na mtafiti akitaka kujua wimbo fulani wa Grateful Dead ulibadilikaje kati ya mwaka mmoja na mwingine, hujibiwa kwa rekodi yenyewe. Sifa ya kazi hiyo yote ni ya watu wa kawaida waliojali kuandika tarehe.

Mfano wa pili ni wa enzi ya kamera ndogo. Agosti 2009, bendi ya Uingereza iitwayo Radiohead ilipiga Prague, mji mkuu wa Jamhuri ya Czech. Mashabiki wapatao 50 walijipanga kila mmoja arekodi kutoka pembe yake, kisha wakaziunganisha picha zao kuwa filamu moja ya onyesho zima. Bendi iliposikia, iliwapa sauti safi iliyonaswa kwenye mitambo yake ili waiweke juu ya picha, na mwaka 2010 filamu ikatolewa bure mtandaoni. Bendi zetu hazihitaji fedha nyingi kufanya hivyo. Zinahitaji shabiki mmoja mwenye moyo wa kuratibu, na fundi mitambo aliye tayari kutoa nakala ya sauti.

Hoja ya wanaokataa simu

Si kila msanii anaridhia, na anayekataa asikilizwe. Mwimbaji Kate Bush aliporudi jukwaani London mwaka 2014, baada ya kukaa miaka mingi bila kufanya ziara, aliwaomba mashabiki mapema waache simu na kamera ili akutane nao ana kwa ana. Wengi walimtii katika maonyesho yote 22. Adele, akiwa Verona, Italia, mwaka 2016, alimkatiza shabiki aliyesimamisha kamera juu ya vyuma vyake, akamtaka aache kurekodi na afaidi onyesho kwa macho. Mwaka 2014 ilianzishwa kampuni ya Marekani, Yondr, inayotengeneza vifuko vyenye kufuli: unaingia ukumbini na simu yako, lakini imefungwa hadi utoke.

Hoja yao ina nguvu mahali pawili. Pa kwanza ni kumbukumbu ya mtazamaji mwenyewe. Mtafiti Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, aliwazungusha wanafunzi katika jumba la makumbusho, vitu vingine wakivitazama tu na vingine wakivipiga picha. Katika matokeo aliyochapisha mwaka 2014, vitu vilivyopigwa picha nzima vilikumbukwa kwa uchache kuliko vilivyotazamwa. Lakini pale walipotakiwa kusogeza kamera kwenye sehemu moja tu ya kitu, kumbukumbu haikupungua. Makumbusho si ukumbi wa dansi, lakini funzo lake linatuhusu: anayebonyeza kitufe na kuuachia mkono ukae juu ameukabidhi usiku wake kwa mashine, anayechagua cha kunasa analazimika kutazama kwanza.

Pa pili ni haki ya aliyesimama nyuma yako. Naye amelipa kiingilio. Simu iliyoinuliwa juu ya kichwa kwa saa mbili, huku mwanga wa kioo ukimpiga machoni, ni dhuluma ndogo anayofanyiwa mtu asiye na pa kushtakia. Kwa hiyo sitetei mkono ulio juu tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Natetea wimbo mmoja uliochaguliwa.

Stara, na siku msanii anapoanguka

Kuna mahali ambapo jibu sahihi ni kutorekodi kabisa, na watu wa mwambao hawahitaji kufundishwa na mtu. Harusi za wanawake Unguja, Mombasa, Lamu na hata Muscat ni faragha. Wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, wanacheza wakijua waliomo ni wanawake wenzao. Ndiyo maana waandaaji wengi hukataza simu tangu mlangoni. Mwimbaji anaweza kuwa maarufu, wimbo ukawa mtamu, na aliyesimama kutunza akawa amependeza kuliko wote. Ukimrekodi na klipu ikatoka nje umemvunjia heshima mtu aliyekuamini. Haisaidii kusema nia ilikuwa kumwonyesha mwimbaji. Katika onyesho la wazi pia, watoto na watu waliolewa wana haki ya kutogeuzwa kichekesho cha mtandaoni.

Kuna pia siku jukwaa linapogeuka msiba. Tarehe 24 Aprili 2016, mwimbaji Papa Wemba alianguka akiwa jukwaani Abidjan, Ivory Coast, katika tamasha la FEMUA, akafariki akiwa na umri wa miaka 66. Onyesho lilikuwa likirushwa moja kwa moja na televisheni, na muda mfupi baadaye vipande vya kuanguka kwake vikawa vimesambaa kuanzia Kinshasa hadi Dar es Salaam. Wengi waliotuma walikuwa wapenzi wake, wakitafuta kushirikiana majonzi. Lakini mtu aliyeipa Afrika sauti ile kwa zaidi ya miaka 40 hakustahili kuonwa na wajukuu wake kwa sekunde zile, zikirudiwa tena na tena. Msanii akianguka, akiugua, akilewa au nguo ikimwacha, zima simu. Ukishaipokea klipu ya namna hiyo, iishie kwako.

Haki yake na pesa yake

Sheria haimwachi msanii mikono mitupu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamtambua mtu anayetumbuiza kuwa na haki juu ya kurekodiwa na kurushwa kwa onyesho lake. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na Kenya ina ya mwaka 2001. Wasimamizi wapo: COSOTA Tanzania Bara, COSOZA Zanzibar na KECOBO Kenya. Kimataifa, Mkataba wa Beijing wa mwaka 2012, ulioanza kutumika mwaka 2020, unazungumzia hasa haki za watumbuizaji katika picha za video, na mojawapo ni haki ya kutajwa jina.

Kivitendo, msanii hamwandami shabiki aliyerekodi dakika tatu akamtumia dada yake. Anayemuumiza ni mwingine: mwenye akaunti inayookota video za watu, kufuta majina, kubandika nembo yake na kuvuna matangazo. YouTube imekuwa na mfumo wa kutambua kazi za wenye haki, Content ID, tangu mwaka 2007, na mwenye wimbo aliyesajiliwa humo anaweza kuizuia video au kuchukua mapato yake ya matangazo. Lakini mwimbaji wa taarab wa kikundi cha mtaani, asiye na lebo wala meneja anayejua mambo hayo, hana wa kumlinda zaidi ya uungwana wa mashabiki wake.

Jambo jingine linalowaudhi wasanii kwa haki ni wimbo mpya kuvuja. Mwimbaji huujaribu jukwaani kabla ya kuutoa ili aone watu wanaupokeaje. Ukiurekodi na kuusambaza, siku ya kuutoa rasmi unakuwa umeshazoeleka, tena kwa sauti mbovu. Akisema kutoka jukwaani kwamba huu bado haujatoka, simu zishuke. Shabiki wa kweli hamharibii biashara mtu anayempenda.

Namna ya kurekodi ikafaa

Video nyingi za maonyesho hazina maana baada ya wiki moja kwa sababu zimepigwa ovyo, na ufundi wake si mgumu.

Fika mapema, futa kioo cha kamera kwa kitambaa kikavu, na uiweke simu katika hali ya ndegeni ili mtu asipige katikati ya wimbo akakukatia. Simama mbali na spika: ukikaa karibu nazo, besi huizidi maikrofoni ya simu na sauti yote hukwaruza. Mahali pazuri ni jirani na meza ya fundi mitambo, kwa kuwa yeye huupanga muziki kwa masikio ya pale alipo. Usivute picha kwa vidole, kwani huharibika. Kama unataka ukaribu, sogea. Zima tochi. Ishike simu kwa ulalo ili jukwaa zima lionekane, viwiko vikiwa vimebanwa mbavuni, usawa wa kidevu na si juu ya vichwa vya watu. Punguza mwanga wa kioo.

Kisha chagua wimbo mmoja na uurekodi wote, kuanzia gitaa la kwanza hadi makofi. Wimbo mmoja kamili una faida kuliko vipande 20 vya sekunde 15, kwa sababu ndani yake mtu ataona namna solo ilivyoingia, nani alimpokea nani, na hadhira ilibadilika vipi. Usimfuate mwimbaji peke yake. Mpe mpiga besi muda wake, mpe mpiga tumba, na urudi kwa watu. Hao ndio ambao santuri na redio hazikutuonyesha.

Ukimaliza, rekodi bango la onyesho mlangoni, au isemeshe simu kwa sauti yako: nani ameimba, wimbo gani, ukumbi gani, mji gani, tarehe ngapi. Waulize wapiga vyombo majina yao wanaposhuka. Watafurahi, ni nadra kuulizwa.

Kuhusu kutuma, ukumbuke kwamba WhatsApp huibana video ili iwe nyepesi, na taarifa za siku na saa zilizokuwa ndani ya faili huondolewa. Ikizunguka magrupu kadhaa inabaki picha yenye ukungu isiyojulikana imetoka wapi. Itume kama dokumenti, si kama video, na faili la asili litunze mahali pawili, mathalani kwenye kompyuta na kwenye flashi. Simu huibwa, hudondoka majini, na hufutwa ili kupisha picha mpya. Na unapoiweka mtandaoni, andika jina la msanii na la kikundi, taja ukurasa wake, na umtumie yeye mwenyewe nakala. Vikundi vingi havina rekodi hata moja nzuri ya maonyesho yao ya kuwapelekea waandaaji wa matamasha.

Waandaaji nanyi mna sehemu yenu

Mzigo huu usibebwe na shabiki peke yake. Mwandaaji anayetaka ukumbi wenye adabu atangaze utaratibu wake kwenye tiketi na kwa kinywa cha mshehereshaji: nyimbo gani ni ruhusa kurekodi, zipi hapana, na wanaotaka kurekodi wakae upande gani. Sehemu ndogo kando ya meza ya fundi mitambo inatosha. Kikundi kimteue shabiki mmoja wa kukusanya video za kila onyesho na kuziandikia daftari. Vyuo vya muziki, kama kile cha Nchi za Jahazi Zanzibar, idara za sanaa za vyuo vikuu, na nyaraka za taifa zifungue mlango wa kupokea rekodi za watu wa kawaida kama zinavyopokea barua na picha za zamani. Na serikali zetu, ambazo kila mwaka huzungumzia utamaduni kwenye hotuba, zitenge fungu la kuhifadhi muziki wa jukwaani ungali hai.

Waliotangulia walikosa vifaa, hatuwezi kuwalaumu. Sisi vifaa tunavyo mfukoni, na tukiacha usiku wa waimbaji wetu upotee, au tukiubakiza katika vipande visivyo na majina, lawama itakuwa yetu. Wikiendi hii, msomaji, ukienda kumwona mwimbaji umpendaye, rekodi wimbo mmoja alioruhusu, kwa utulivu, mwanzo hadi mwisho. Andika nani, wapi na lini. Mpe nakala yake. Kisha irudishe simu mfukoni, ucheze na wenzako.